Jua la Agosti Shambani Kayenze

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, mavuno hayaishi siku gunia la mwisho linapotoka shambani. Mvua za masika hukata kuelekea mwisho wa Mei, Juni huingia na baridi yake ya alfajiri na upepo mkavu, na kuanzia hapo hadi mvua za vuli zinaporejea mwezi Oktoba mkulima ana miezi ya jua ambayo ama ataitumia kukausha na kuhifadhi mazao yake, au atayatazama yakiharibika mbele ya macho yake. Nimekuwa nikilima shamba dogo, la ekari mbili pungufu, upande wa Kayenze wilayani Ilemela kwa misimu kadhaa sasa, huku siku za kazi nikiwa ofisini mjini Mwanza, na jambo ninalozidi kuliamini kila mwaka unapopita ni kwamba shamba la ukubwa huu haliokolewi na jembe peke yake. Linaokolewa na ukaushaji. Mwenye ekari hamsini akipoteza magunia kumi kwa wadudu ataumia, lakini atabaki na mengine. Mwenye ekari moja akipoteza magunia mawili, chakula cha Januari na Februari kimekwenda.

Kayenze ni nchi ya mawe. Majabali ya matale yaliyoipa Mwanza sura yake, ambayo mgeni huyaona kwanza kwenye Jiwe la Bismarck pale mjini, yanaendelea vivyo hivyo kandokando ya ziwa, na udongo unaotokana nayo ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Ni mwepesi kulimwa, hupokea maji haraka na kuyapoteza haraka, na rutuba yake ni haba usipoulisha samadi. Chini zaidi, mahali maji yanapokusanyika, kuna udongo mzito mweusi wa mbuga ambao kiangazi huupasua nyufa za kuzamisha mguu. Sehemu kubwa ya shamba langu iko kwenye luseni, kwa hiyo ni shamba la viazi vitamu, mihogo na karanga kwa asili yake, na mahindi hupandwa pale tu samadi ilipotangulia.

Mahindi ndiyo yanayofungua msimu. Watu wengi huyaacha yakauke yakiwa bado yamesimama shambani, kwa kuwa jua ni la bure na gharama ya kusubiri haionekani kwa macho. Mimi siafiki desturi hiyo. Punje ikishakomaa, ukiibandua kwenye gunzi utaona doa jeusi kwenye kitako chake, na doa hilo likishaonekana mmea hauna tena cha kuiongezea punje hiyo. Kila siku ya ziada shambani ni siku ya mchwa kuangusha mabua, siku ya ndege na panya, na zaidi ya yote ni siku ya dumuzi na fukuzi wa nafaka, ambao huanza kuingia kwenye hindi lingali limesimama na baadaye husafiri nalo hadi ghalani. Kwa hiyo doa jeusi likionekana kwenye mahindi ya pembe zote za shamba, tunavuna wiki hiyo hiyo na kumenya hapo hapo, na yale yaliyoliwa au yaliyoota ukungu hayatiwi kwenye gunia moja na mazima hata kwa safari fupi ya kutoka shambani hadi uani.

Kuanika kuna sharti moja ambalo halivunjwi nyumbani kwangu: mahindi hayagusi udongo. Fangasi wanaotoa sumukuvu huishi udongoni na kwenye mabaki ya mimea, na nafaka yenye unyevu iliyolala juu ya ardhi huwapa kila wanachokihitaji. Sumu yenyewe haionekani wala hainusiki, moto wa kupikia ugali hauiondoi, na kiungo inachokishambulia ni ini. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu kwenye mahindi, na watu walipoteza maisha. Habari zile ziliwafanya wengi wetu tuache kulihesabu turubai kama kitu cha wenye nafasi. Nafaka hutandazwa juu yake kwa kina kidogo, kisichozidi upana wa vidole vitatu, hugeuzwa mara kadhaa kutwa, na jua linapoelekea kuzama turubai hukunjwa na kufunikwa, maana umande wa alfajiri za Julai unaweza kuirudishia punje unyevu wote uliotolewa mchana kutwa.

Swali linalowasumbua wengi ni namna ya kujua kwamba yamekauka. Wazee huuma punje na kusikiliza mlio wake, na wenye uzoefu mkubwa hawakosei sana, lakini mimi hutegemea chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko vichache vya chumvi ambayo nayo imekaushwa juani, ongeza mahindi hadi robo ya chupa, funga na utikise vizuri kwa dakika mbili, kisha uiache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikishuka yote chini na kuacha kioo kikiwa safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo hukaribia kufika lakini hujafika, kwa sababu nafaka ya kukaa ghalani muda mrefu inatakiwa iwe kwenye asilimia 13.5 au pungufu, kwa hiyo huwa naongeza siku mbili nyingine za jua baada ya chumvi kuniridhisha.

Kupukuchua tunakufanya kwa mikono. Najua kwamba kujaza magunzi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo humaliza kazi mapema, ila punje zinazovunjika hufungua mlango kwa fangasi na kwa wadudu wadogo wasioweza kutoboa punje nzima, na kwa mavuno ya shamba dogo muda unaookolewa ni mfupi mno kulinganisha na hasara inayoletwa. Jioni jirani zangu hukusanyika, gunzi moja hutumika kulisugulia jingine, na mazungumzo ndiyo yanayoisogeza kazi. Baada ya hapo nafaka hupetwa, na punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kusinyaa huchambuliwa na kutupwa. Huwa siwapi kuku mahindi yenye ukungu, ingawa wako wanaofanya hivyo wakidhani kuku hawadhuriki. Wanadhurika.

Zamani kila mji wa Kisukuma ulikuwa na kihenge chake, kilichosukwa kwa fito, kikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na kuinuliwa juu ya mawe ili panya na unyevu wa ardhi visikifikie. Kwa nafaka za wakati ule, mtama na uwele, na kwa wadudu wa wakati ule, kihenge kilitosha. Kilicholeta tabu ni dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye aliingia nchini kupitia Tabora kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kisha akasambaa katika nchi nyingi za Afrika. Yeye hatafuni punje tu. Husaga hindi zima likabaki vumbi jeupe, hula mihogo mikavu, na hata mbao za ghala lenyewe huzitoboa. Siku hizi mahindi yangu yote hukaa kwenye mifuko ya PICS, ambayo ina tabaka mbili za nailoni nene ndani ya kiroba cha kawaida. Nafaka ikishindiliwa vizuri na kila tabaka likakazwa kwa kamba yake peke yake, wadudu waliomo huitumia hewa ya oksijeni iliyobaki, kisha hushindwa kula, kuzaliana na mwishowe kuishi. Hakuna dawa ya unga inayohitajika, na hilo kwangu lina uzito kwa sababu mahindi hayo ndiyo yanayosagwa kwa ajili ya uji wa watoto. Kinachotakiwa ni mifuko isitobolewe, na kwa hiyo inakaa juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, na paka anaheshimiwa.

Uhifadhi huu pia ndio unaompa mkulima mdogo kauli mbele ya mnunuzi. Wachuuzi hufika Julai na Agosti, wakati kila mtu ana mahindi na bei iko chini, na wengine wao bado hutaka gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, ingawa sheria ya vipimo haimruhusu mtu kufungasha zaidi ya kilo 100. Mwenye mahindi makavu kwenye mifuko mizuri anaweza kumjibu mchuuzi kwa adabu kwamba hauzi sasa.

Kabla ya kazi hii kushika kasi, Juni ina sherehe yake, na siwezi kuandika kuhusu mavuno ya Usukumani nikaipita. Pale Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha kanisa na makumbusho ya Wasukuma, watu hukutana wakati wa sikukuu ya Ekaristi kwa ajili ya Bulabo, na makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati unaotoka wilaya zote za jirani. Wachezaji hao ni wakulima wanaotoka kwenye matuta, na ngoma zao nyingi zilikua pamoja na kulima kwa vikundi. Wanaokwenda kutazama nyoka na fisi wa wachezaji wangefaidi zaidi kama wangetazama pia majembe, kwa maana yamo.

Sasa nifike kwenye viazi vitamu, ambavyo kwa maoni yangu ndilo zao lenye akili kubwa zaidi ya uhifadhi katika ukanda huu na ndilo linaloheshimiwa kidogo kuliko linavyostahili. Kiazi kilichochimbwa hakikai muda mrefu. Baada ya wiki moja au mbili huanza kuoza au kuchipua. Kukiacha ardhini nako kuna mpaka, kwa sababu kiangazi kinapoukausha udongo, tuta hupasuka pale kiazi kinaponenepa, na ufa huo ndio njia ya fukuzi wa viazi. Huyu ni mdudu mwembamba mweusi au wa kahawia, na funza wake wakishatoboa kiazi, nyama yake huwa chungu kiasi kwamba kipande kimoja huharibu ladha ya sufuria nzima. Ndiyo maana kuanzia Juni, kila ninapofika shambani, kazi ya kwanza ni kuzunguka matuta nikifukia nyufa kwa mguu na kuchimba viazi vile tu ambavyo ufa wake umekuwa mpana. Kufikia katikati ya Julai, kilichobaki huchimbwa chote kwa pamoja, na hapo ndipo kazi ya michembe, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, inapoanza.

Mwalimu wangu wa michembe ni mama jirani ambaye shamba lake limepakana na langu kwa upande wa ziwa. Amekuwa akiitengeneza tangu akiwa msichana, na ninapokwenda kumsaidia, ninakwenda kujifunza. Siku moja ya Julai nilifika kwake asubuhi nikiwa na kisu tayari, nikamsalimu, “Mwangaluka mayu,” naye baada ya kuitikia akaitazama tenga ya viazi niliyokuja nayo, bado vina udongo mbichi, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, hivi vimetoka ardhini leo. Vina maji mengi, na ukivikata leo vitachelewa kukauka, vitageuka vyeusi. Viweke kivulini vinyauke. Keshokutwa vitakikubali kisu.”

Alichosema kina sababu yake. Kiazi kinaponyauka hupoteza sehemu ya maji yake kwa utaratibu, huongezeka utamu, na vipande vyake havinati vikianikwa. Kinamenywa, halafu kinakatwa kwa urefu katika vipande vyenye unene wa nusu sentimita hivi. Mkono wake hausiti: kiazi hushikwa kwa kushoto, kisu huja kikielekea kidole gumba na kusimama pale pale, na kipande hudondokea kwenye ungo kabla mimi sijamaliza kupanga kidole changu kilipo salama. Unene ukiwa sawa, vyote vitakauka siku moja; ukitofautiana, vile vinene vitaingia kihengeni vikiwa na unyevu katikati na kuharibu vingine. Kisha vipande hubebwa hadi juani, na hapa majabali ya Kayenze yanaonyesha faida yake. Jabali hufagiwa, humwagiwa maji na kuachwa likauke, na vipande hutandazwa juu yake bila kupandana. Jiwe limeinuka juu ya vumbi, hupata jua tangu asubuhi, hupigwa na upepo wa ziwa, na joto lililoingia ndani yake hubaki hata baada ya jua kuzama, kwa hiyo vipande hukaushwa kutoka juu na chini kwa wakati mmoja. Turubai la dukani haliwezi kufanya hivyo. Siku tatu au nne za jua kali hutosha, na mchembe ulio tayari huvunjika kwa mlio ukiukunja.

Ndugu yake mchembe ni tobolwa. Matobolwa hutengenezwa kwa kuchemsha viazi kwanza, kisha kukata na kuanika. Huwa magumu zaidi na matamu zaidi, rangi yake ni ya kahawia, na mtu huweza kuyatafuna yalivyo akiwa njiani au machungani. Michembe yenyewe hupikwa, na kwangu hakuna namna inayoshinda ile ya kuichemsha hadi ilainike na kuichanganya na karanga zilizotwangwa, ikaliwa asubuhi badala ya mkate. Ikihifadhiwa pakavu hukaa hadi mvua za mwaka unaofuata. Watu waliokuwa wakizalisha zao linalooza kwa wiki mbili waligundua, bila umeme na bila kiwanda, namna ya kulifanya likae miezi minane au zaidi, na bado katika maduka makubwa ya mjini Mwanza utapata vibanzi vya viazi vilivyosafirishwa kutoka mbali kabla hujapata pakiti moja ya michembe. Jambo hili linanihuzunisha, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya.

Kuna tahadhari moja kuhusu viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa kama Kabode na Mataya. Rangi yao inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na jua la moja kwa moja huiharibu karotini hiyo. Ukivianika juu ya jabali siku nne utapata michembe, lakini kile ulichokitaka kwenye viazi lishe kitakuwa kimepungua sana. Hivyo ninavikata vyembamba zaidi na kuvikausha kivulini kwenye chanja lenye upepo, chini ya paa la nyasi, na ninavihifadhi mahali penye giza, navyo huliwa mapema, miezi miwili ya kwanza, kabla ya vile vyeupe.

Mihogo haina haraka. Hukaa ardhini ikisubiri. Ile michungu tunaivundika na kuikausha kuwa udaga, kwa kuwa kuvunda na kukauka hupunguza sumu ya sianidi iliyomo, na kiangazi ndicho wakati pekee ambapo kazi hiyo haisumbuliwi na mvua. Ninapong'oa huwa natazama shina na mzizi kwa makini. Majani yenye mabaka na yaliyojikunja ni dalili ya batobato, na mzizi uliokatwa ukaonekana una madoa makavu ya kahawia ndani ni michirizi kahawia, ugonjwa mbaya zaidi kwa sababu shina laweza kuonekana zima huku chakula kilichoko chini kimeharibika. Mashina ya mimea hiyo hayabaki kuwa mbegu. Wenye nafasi wafike kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, kusini mwa jiji, ambako utafiti wa pamba, mihogo na viazi vitamu umefanyika kwa miongo mingi, waulize juu ya mbegu safi kabla ya Oktoba.

Shamba likishabaki tupu, kazi huhamia kwenye udongo. Mabua siyachomi. Kwa makubaliano ya miaka mingi katika eneo letu, ng'ombe wa majirani huingia kula mabua baada ya mavuno, nao huacha samadi, na mwenye zizi kubwa hukuruhusu kuchota samadi ya zamani iliyorundikana. Agosti ni mwezi mzuri wa kuibeba kwa sababu ni kavu na nyepesi, na barabara za ndani zinapitika. Naichanganya na majani na majivu, nairundika mahali penye kivuli, naimwagia maji na kuigeuza ili joto la rundo liue mbegu za magugu, maana samadi isiyoiva hupanda magugu mengi kuliko inavyolisha mahindi.

Ua wa minyaa nao hupunguzwa wakati huu. Ni ua bora kwa nchi kavu: hauhitaji maji, mbuzi hawaugusi, na ukikatwa huzidi kusongamana. Hata hivyo kila tawi likikatwa hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kuathiri uwezo wa kuona. Hakuna mtoto anayekaribia siku hiyo, anayekata huvaa miwani na mikono mirefu, husimama upande upepo unakotokea, na matawi hayarushwi bali hushushwa taratibu kwa fimbo yenye ndoana.

Kuku ndio wanaonipa hofu ya kiangazi. Kideri huvuma zaidi katika miezi hii ya upepo na vumbi, na kikiingia kijijini kinaweza kumaliza karibu kuku wote wa nyumba kwa siku chache. Hakina tiba. Chanjo ya I-2 ipo, ni tone moja jichoni kwa kila kuku mzima na kila kifaranga, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na haipewi kuku ambaye tayari ni mgonjwa. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, na kwa hiyo majirani huchangia, tunachanja siku moja, jioni kuku wanapokuwa wamerudi bandani na ni rahisi kuwakamata. Kuchanja kwangu peke yangu kungenisaidia nusu tu, kwa kuwa kuku wa Kayenze hawajui mipaka ya mashamba. Ninawalisha pia mabaki ya dagaa kutoka mwaloni, yaliyochekechwa mchanga, pamoja na pumba, na mabanda yao hufagiwa na kunyunyiziwa majivu.

Nimeiacha mwisho kazi ambayo ni ndogo kwa kipimo cha ardhi lakini ndiyo inayoamua msimu ujao, nayo ni kutunza marando. Viazi vitamu havipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vipande vya mmea ulio hai, na kiangazi cha miezi minne juu ya luseni hukausha kila kitu. Asiyekuwa na marando mvua za kwanza zikinyesha husubiri viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue, na kufikia wakati marando yanarefuka kiasi cha kukatwa, wiki nyingi za mvua zimekwisha kupita. Bustani yangu ya marando iko mteremkoni karibu na ziwa, lakini si ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukweni kuwa eneo la kulindwa, na ninaiona kuwa sheria ya haki: mwaka 2020 ziwa lilipopanda, bustani zilizokuwa zimesogea majini zilimezwa. Maji hupandishwa kwenye tanki na kuachwa yatulie kwa siku mbili kabla ya kumwagilia, kwa sababu kichocho kipo katika fukwe zetu na vijidudu vyake, vikishatoka kwa konokono, haviishi zaidi ya hapo visipopata mwili wa mtu. Anayechota huvaa mabuti.

Kwa tahadhari, nina njia ya pili. Viazi vidogo vizima, visivyo na tundu lolote, hupangwa kwenye beseni kuu kuu kwa tabaka za mchanga mkavu uliopoa na kuwekwa ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua hutolewa, hufukiwa kwenye kitalu karibu na nyumba na kumwagiliwa, na kila kimoja hutoa machipukizi mengi ya kukata. Mwishoni mwa Agosti ninavitoa hivyo, na mwaka huu nimeongeza beseni la Mataya kwa sababu kina mama kadhaa wa jirani wameniomba mbegu ya viazi lishe.

Kwa kuwa marando hayauzwi kati ya majirani wa huku bali hugawiwa, nasi tuna ya kutosha, mwenye uhitaji kutoka Kayenze, Sangabuye au Igombe na afike mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikishaonyesha dalili. Tutakata ncha tu, urefu wa sentimita thelathini hivi, na kuacha sehemu ya chini ya shina ambako fukuzi hutaga mayai yake. Mmea wenye majani madogo yaliyojikunja au yenye mabaka tutauacha, kwa kuwa huo una virusi. Aje asubuhi kabla ya jua kuwa kali, aje na kiroba kilicholoweshwa maji, na matuta yake yawe yameshapandishwa, ili marando yapandwe siku hiyo hiyo au kesho yake.